Namba Iliyopanda

Tlawi, Jumanne

Mimi ndiye niliyesoma katika nyumba hii, na mimi ndiye niliyekosea.

Majibu ya kwanza ya kipimo cha damu yalipoonyesha namba imepanda, nilimwambia mama kwamba tezi yangu ya shingo, ile inayofanya kazi kivivu, imepata nguvu. Nikaanza kumeza nusu kidonge badala ya kizima. Mama akatangaza kwenye jumuiya kwamba Jumapili hii atatoa shukrani.

Leo daktari ameweka mezani karatasi mbili, ya majibu ya kwanza na ya mapya. "Binti, hii namba siyo nguvu ya tezi. Ni ubongo unaiamrisha tezi ifanye kazi. Tezi ikizidi kulala, namba inazidi kupanda. Nani alikwambia upunguze dawa?"

Nilichukua karatasi mpya. Nilikuwa nimevaa masweta mawili na bado natetemeka kwa baridi.

Niliporudi, mama alikuwa uani anachagua jogoo wa kupeleka kanisani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, namba inasemaje?"

"Imepanda tena, mama." Nilitaka kuendelea.

Lakini alishapiga vigelegele. Jirani akaitikia, na wa ng'ambo ya shamba pia. Nikasimama pale na karatasi mkononi, nikawaacha washangilie.