Mnada wa Masumbwe Umehamia Alhamisi

Dada Mama Kulwa,

Shikamoo. Leo hakuna wa kuniitikia. Ulikuwa unaitikia marahaba kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, ili Katoro nzima ijue kwamba mke mdogo amemwamkia mke mkubwa. Hata hilo lilikuwa linaniudhi. Nakuandikia kwa sababu nakuonea wivu na sina wa kumwambia. Nikimwambia jirani kwamba namwonea wivu marehemu, atasema nimechanganyikiwa.

Ile programu yangu ya simu imetoka, dada. Unakumbuka nilivyoanza sijui lolote, najifunza kwa video huku nakaanga maandazi, mpaka mafuta yakanirukia mkononi. Naandika mstari mmoja, kompyuta inanijibu kwa maandishi mekundu. Wewe unapita na beseni la masufuria ya kuuza kichwani, unachungulia: "Bado inakugombeza?" Mume wetu nilimwomba mara ngapi aijaribu, yeye anayezunguka minada yote na vitenge vyake? "Baadaye." Kila siku baadaye.

Nilitaka mtu akibonyeza jina la mji aambiwe siku ya mnada wake, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, maana wachuuzi wengi kusoma kunawapa taabu. Na Kisukuma changu mimi mtu wa Ujiji unakijua. Ndipo nikakuomba wewe. Ukaingia chumbani kwangu, tukafunga madirisha kelele za bodaboda zisiingie, ukajifunika khanga wewe na simu kama mtu anayejifukiza. Halafu ukasalimia kwa Kisukuma, ukanadi kana kwamba uko sokoni. "Mwangaluka! Masumbwe ni Jumanne, njooni na hela, msije na macho tu!" Nikakwambia sema jina na siku, basi. Ukakataa. Tulicheka mpaka ukashika mbavu.

Presha ikakuchukua kabla sijaipeleka kwenye duka la programu. Niliipeleka baada ya arobaini yako. Wakanirudishia, picha moja haikuwa na vipimo wanavyotaka. Nikarekebisha. Wakaikubali asubuhi moja nikiwa nafua, nikapiga kelele uani mikono ikiwa na povu. Nikageuka nimwite mtu. Mlango wako ulikuwa na kufuli.

Watu wakaanza kuipakua, wakaandika maoni. "Huyu mama anayenadi ananifurahisha." "Mpelekeni huyu mama redioni." Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kaitengeneza. Hilo ningelivumilia. Lakini mzee! Yule yule wa baadaye! Kila akitoka kuswali alasiri anaketi kwenye kigoda chako, anafungua simu, anabonyeza Masumbwe. Anabonyeza tena. Si kwamba anataka kujua siku ya mnada, dada. Masumbwe ndiko mlikokutana, na ndiko anakokufuata. Nami niko jikoni nasikia kazi ya mikono yangu ikimwita mume wangu kwa sauti yako. Tangu niolewe watu wanamwita Baba Kulwa hata mbele ya mwanangu Zawadi, nikajizoesha. Hili la simu likanishinda.

Kisha mnada wa Masumbwe ukahamishwa, kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Muuza nyanya mmoja akanipigia simu kwa hasira, amefika na matenga yake kakuta uwanja mtupu. Nisikufiche, nilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu safi kabisa ya kukutoa. Nikajifunika khanga, nikajirekodi, toleo jipya likatoka.

Alasiri mzee akabonyeza. Ikasema sauti yangu. Akaitazama simu.

"Huyu nani?"

Miaka yote ya ndoa, dada. Huyu nani.

"Ni mimi."

Akaiweka simu chini taratibu, akaingia ndani. Nililia siku ile, na sikukulilia wewe. Nilijililia mwenyewe.

Kesho yake akanifuata jikoni. Nilidhani anakuja kugomba. Akasema, "Hicho Kisukuma ulichosema hakuna Msukuma atakayekielewa." Akalitamka neno nililokosea. Nikalirudia. Akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu tulipokuzika. Akavuta kigoda, tukarekodi upya, yeye anasahihisha, mimi nakosea, chai inapoa. Kisha akauliza nilijifunzia wapi mambo haya. Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha ile mistari yote, akaitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe hii ni kazi," akasema.

Nilikuwa naanza kunenepa kwa furaha, akashusha sauti: "Na ile ya mwenzio, umeifuta?"

Sikuwa nimeifuta. Nikamhamishia kwenye simu yake. Sasa anakusikiliza chumbani, mlango umefungwa, na anadhani sijui.

Jana sokoni muuza dagaa mmoja alinisikia nauliza bei, akanikazia macho. "Wewe si ndiye yule wa kwenye simu?" Kichwa kikavimba. Akanifungia dagaa, akaongeza, "Unajitahidi. Ila yule wa kwanza, yule alikuwa mwenyewe." Nikarudi nyumbani nimenuna njia nzima.

Basi hivyo ndivyo tulivyo huku, dada. Uko chini ya udongo na bado unaninyang'anya wateja mbele ya macho yangu.

Pumzika. Mungu akupanulie kaburi lako na kulitia nuru. Nami nakuahidi hili: miji mingine yote utaendelea kuinadi wewe, na sitakutoa hata kwenye mmoja kwa sababu ya roho yangu mbaya. Siku mnada ukihama nitarekodi sauti nyingine, na yako nitaitunza pamoja na ile ya Masumbwe. Ila usinitake niisikilize. Bado siwezi. Nikifika pale pa "msije na macho tu" nitacheka, na wa kucheka naye ulikuwa wewe.

Mke mwenzako,
Mama Zawadi