Rangi ya Kitenge cha Mama

Dada Neema, shikamoo. Huku Kinampanda upepo unavuma mpaka ugali unapoa kabla hujaugusa.

Mama mdogo ametoa sandukuni kitenge alichovaa marehemu mama kwenye ile picha pekee tuliyobaki nayo, iliyopauka ikawa nyekundu. Chenyewe hakijachuja hata kidogo. Nikakipiga picha, nikaipa kompyuta rangi yake halisi, na ile maktaba ya rangi, yaani msimbo wa kusahihisha rangi ninaotumia kwenye programu ninazoandika, ikageuza ile picha ya mama nzima mpaka kitenge kikafanana. Uso nao ukatoka kwenye wekundu, ukawa mweusi tii. Mama mdogo akasema, "Sasa ndiye dada yangu huyu."

Miaka yote unaulizwa weusi umeutoa wapi, nasi sura ya mama hatuikumbuki. Ukijitazama kwenye kioo, unisalimie mama.

Mdogo wako,
Elia