Mjomba Amkabidhi Prisca

Idodi, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Leokadia,

Kamwene. Natumaini hujambo huko Iyunga na mchele unauzika. Sisi tu wazima, ila wifi yako Rozalia anasumbuliwa na jino.

Mwanao Prisca nimemfikisha bwenini salama, na godoro, ndoo, jembe na ufagio wake wa chelewa. Kwetu mtoto anakabidhiwa na mjomba, nami nikavaa koti. Ila Mwalimu Devota hayupo. Wamemhamisha wakati wa Krismasi, hata kuaga hakuaga. Mkuu mpya ni Mwalimu Aroni, mrefu, hacheki. Nikamwambia yale tunayosema wazazi wote kila shule zikifunguliwa: "Mwalimu, huyu sasa ni wako. Mchape anyooke, sitakuuliza." Mwalimu Devota alikuwa ananicheka, ananikaribisha chai, yameisha. Huyu aliniomba nirudie kwa sauti, wazazi na wanafunzi wote wasikie. Nikarudia. Prisca aliniangalia vibaya, lakini huo ni utoto.

Shule imepata mwanaume sasa. Hiki kidato cha pili watafaulu wote.

Kaka yako,
Sosthenes

Iyunga, 22 Januari 2024

Kaka,

Kamwene. Pole na palizi, na wifi nampa pole ya jino. Simu yako haishiki huko shambani, ndiyo maana nimeandika na kumpa kondakta wa basi.

Prisca amenipigia kwa simu ya matroni. Anachapwa kila siku. Wenzake nao wanachapwa, ila yeye anaongezewa, maana mkuu anamwambia, "Wewe mjomba wako alishasema hatauliza." Sketi inagandana na damu mapajani, anaibandua kwa maji.

Kaka, yale maneno tunayasema kwa adabu tu, kumheshimu mwalimu. Mwalimu Devota alilijua hilo. Huyu ama halijui, ama anafanya makusudi. Nakuomba nenda ukamuulize. Mimi mwanamke, tena mjane, atanifukuzia getini. Wewe uliyemkabidhi atakusikiliza.

Mdogo wako,
Leokadia

Idodi, 30 Januari 2024

Mdogo wangu,

Kamwene. Barua nimeipata. Jino la Rozalia limeng'olewa, anakusalimu.

Kwenda kuyameza maneno niliyoyasema mbele ya watu wazima, siwezi. Kilabuni watanicheka mpaka mavuno. Mimi baba alinichapa mkanda nikalala kifudifudi wiki nzima, na leo nina shamba na ng'ombe. Unamdekeza huyo mtoto. Mwambie akaze moyo. Mahindi yakishapaliliwa nitapita pale, nikipata nafasi.

Kaka yako,
Sosthenes

Iringa mjini, 12 Februari 2024

Kaka,

Leo sina salamu. Nipo hospitali, nimekaa kando ya kitanda cha Prisca.

Alhamisi mkuu alimkuta amekaa chini wakati wenzake wanalima. Miguu ilikuwa imevimba kwa fimbo za jana yake. Akaamuru wavulana wa kidato cha nne wamlaze, wengine washike mikono, wengine miguu. Fimbo ilipokatika akachomoa mpini wa jembe. Prisca alifanikiwa kuutoa mkono mmoja ajikinge. Kiwiko kikavunjika, mfupa ukatoka nje, na bado akaendelea kumpiga. Daktari ameweka vyuma. Anasema mkono hautakunjika tena. Ni mkono wa kulia.

Wasichana wenzake wameniambia alikuwa anakuita wewe. Mimi hakuniita. Alikuwa anapiga kelele, "Mjomba, njoo umuulize." Kutoka shambani kwako hadi pale shuleni ni kutembea tu, Sosthenes.

Leokadia

Iringa, mahabusu, 20 Februari 2024

Mdogo wangu Leokadia,

Kamwene. Mgonjwa anaendeleaje? Mimi mzima, ila jicho moja halijafunguka vizuri. Barua hii anakuletea Rozalia.

Nilifika shuleni asubuhi, wako mstarini wanaimba wimbo wa taifa. Nikangoja wamalize. Kisha nikamwambia Mwalimu Aroni, nimekuja kuuliza. Nikampiga gotini kwa rungu langu la kuchungia. Alipoanguka nikampiga mdomoni, meno yakabaki kwenye changarawe. Kisha mkono. Wa kulia, niliuchagua. Uliposema kwaa ndipo walimu wakanishika. Watoto wengine walikuwa wanalia, wengine wanashangilia.

Sijutii. Usiku ule nililala usingizi wa kweli, humu humu sakafuni. Mwambie Prisca mjomba wake ameuliza. Nikitoka, kwanza kabisa naja kumwona.

Kaka yako,
Sosthenes

Iyunga, 5 Machi 2024

Kaka,

Kamwene. Natumaini jicho limepona na blanketi limekufikia. Sisi tumerudi nyumbani.

Nikuambie kweli, barua yako ilinifurahisha. Niliisoma mara nyingi, nikajiogopa mwenyewe. Nikamsomea Prisca, nikidhani naye atafurahi. Nilipofika kwenye meno nikasikia maji yanadondoka sakafuni. Amejikojolea, kaka, binti mkubwa yule. Akaniuliza unatoka lini. Nikadhani amekukumbuka. Akasema, "Mama, akija mwambie sipo."

Shuleni wameleta mkuu mwingine, mwanamke. Anatupigia simu wazazi turudishe watoto, eti mambo yametulia. Prisca harudi. Jumatatu nampeleka shule ya kutwa hapa hapa Iyunga, ameanza kuandika kwa kushoto. Nitamkabidhi mwenyewe. Nitampa mwalimu jina la mtoto na namba yangu ya simu, basi.

Siku ya kesi nitakuja, na chakula nitakuletea. Wewe ni kaka yangu, na sina mwingine. Lakini ukitoka usije huku mpaka yeye mwenyewe aseme uje. Nimemuuliza tena asubuhi ya leo, akaenda kufunga mlango.

Mama Prisca