Betri Yenye Namba Kubwa

Jumapili, 2 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Salamu nyingi kutoka karakana. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, macho yanawasha kwa cheche lakini ndiyo kazi. Wewe je? Unakula, au bado unasoma huku uji unapoa?

Nina habari. Leo ni siku ya thelathini na nane sijagusa sigara. Tangu tumzike baba na kile kifua chake nimekuwa nikiapa na kuvunja, safari hii nimekaza. Kilichonisaidia ni kifaa cha kuvuta mvuke badala ya moshi nilichouziwa na mchomeleaji mwenzangu, yule tunayemwita Mzee wa Miwani. Ni bomba tupu la shaba: betri ndani, kitufe chini, na juu waya uliosokotwa unaochemsha maji yake. Hakina kinga yoyote, ukibonyeza umeme unapita wote. Waya nausokota mwenyewe, mnene, mizunguko michache, ndipo mvuke unakuwa mwingi.

Sasa betri imechoka. Kwenye kibanda cha vifaa vya simu kuna aina mbili za kuchaji, saizi ileile. Moja imeandikwa 2500, nyingine 9900. Muuzaji hajui kitu, anasema tu "zote zinawaka." Nichukue ipi? Muulize mwalimu wenu wa fizikia. Jibu mpe dereva wa gari la unga akija Jumatano.

Kaka yako


Jumatano, 5 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na uji nakunywa ukiwa moto, siku moja moja. Niliposoma ile thelathini na nane nilijifungia chooni nikalia kidogo. Usimwambie mtu.

Chukua ya 9900. Namba hiyo ni kiasi cha umeme ambacho betri inabeba, kama ndoo. Ndoo kubwa inachelewa kuisha. Nimeuliza, na jibu ndilo hilo.

Endelea kukaza.

Mdogo wako


Alhamisi, 13 Februari

Kaka,

Usiitumie ile betri. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Leo tumefundishwa mkondo wa umeme. Unachukua volti unagawa kwa ukinzani wa waya. Betri yako ikijaa ina volti nne na kidogo. Waya mnene wa mizunguko michache karibu hauna ukinzani, kwa hiyo mkondo unaweza kupita ampea ishirini. Cha kuangalia si ukubwa wa ndoo, ni betri inaweza kutoa ampea ngapi bila kuchemka. Baada ya kipindi nikakimbilia maktaba. Betri ya saizi hiyo haifikii hata 4000, kaka. Aliyeandika 9900 amedanganya, na ndani mara nyingi ni betri kuukuu iliyovalishwa ngozi mpya. Ikizidiwa inatoa gesi, na kwenye bomba lililofungwa gesi haina pa kutokea.

Sikumuuliza mwalimu. Nilikuandikia kwamba nimeuliza, lakini sikuuliza. Niliogopa darasa litasema kifaa ni changu. Nilinyoosha mkono nusu, mwalimu akasema, "Unataka kwenda msalani?" Nikasema ndiyo. Nikaenda msalani.

Gari la unga lilipita jana. Ofisini kwa mkuu wa shule kuna simu, ila lazima uandike sababu kwenye daftari. Nimefika mlangoni mara mbili. Kesho nitaingia.

Mdogo wako


Jumapili, 16 Februari

Profesa wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, hamsini na mbili leo.

Betri nimeinunua kama ulivyoagiza, ile ya 9900. Nyepesi kama maganda ya karanga! Bomba linapata joto nikivuta mfululizo, lakini mvuke ni wa kutosha. Nikwambie kweli, dukani mkono ulisita. Kwenye mashine ya kuchomelea naangalia ampea kabla ya kitu chochote, na kwenye betri hii hazijaandikwa. Mzee wa Miwani akanicheka: "Wewe unaamini mtoto kuliko mkono wako?" Nikamwambia huyo si mtoto, huyo ni Profesa, na mwalimu wa fizikia ameulizwa.

Ngozi yake imechanika kwenye ncha, nimezungushia utepe. Itakuwa sawa?

Kaka yako


Jumatano, 19 Februari

Kaka,

Barua yako nimeipata sasa hivi na dereva ameshawasha injini. Haitakuwa sawa. Itoe kwenye bomba. Usiibonyeze, usiichaji, usiitie mfukoni na funguo au sarafu. Mwili wote wa betri ni upande mmoja wa umeme, ngozi ikichanika mwili huo unagusa shaba na umeme unapita wenyewe hata hujabonyeza. Iweke nje juu ya mchanga, mbali na mitungi yenu ya gesi.

Ijumaa sikuingia ofisini. Jumatatu pia. Naambatanisha barua ya tarehe 13. Dereva ananipigia honi.

Mdogo wako


Jumatano, 26 Februari

Kaka,

Uko mzima? Zamani niliandika hilo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza. Leo nauliza.

Gari limekuja bila barua yako. Nilimuuliza dereva ile yangu alimpa nani. Alisema alimwachia mlinzi, maana karakana ilikuwa imefungwa. Karakana gani inafungwa Jumatano mchana?

Nilikimbia hadi ofisini, sikubisha hata hodi. Mkuu wa shule akanisogezea daftari. Kwenye sababu niliandika: "Nilimdanganya kaka yangu." Akasoma, akanitazama, akapiga namba ya karakana yeye mwenyewe. Akapokea mtu mwenye sauti nzito, nadhani ni Mzee wa Miwani. Akasema, "Yuko hospitali. Mwambie ataandika mwenyewe." Kisha simu ikakatika, na tulipopiga tena haikupokelewa.

Ataandika mwenyewe, maana yake una mikono? Una macho? Maneno hayo mawili hayanitoki kichwani, na hata usiku haujafika. Sili, na safari hii si kwa sababu ya kitabu.

Baadaye nilimuuliza mwalimu. Swali nililoliogopa wiki tatu lilichukua dakika nne. Hakuniuliza kifaa ni cha nani.

Nijibu. Hata neno moja. Hata la kunitukana.

Mdogo wako


Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko, naandika kwa kushoto. Mzee wa Miwani anasema kuku angeandika vizuri zaidi.

Macho yapo. Ilikuwa Jumatatu ile ya tarehe 17, baada ya chakula. Nilibonyeza, nikasikia inafoka kama mtungi unaovuja. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mitungi, kwa hiyo sikuiachia hapo. Nilikimbia nayo mlangoni. Ilipasukia mkononi kabla sijaitupa. Wengine hawakuguswa. Mimi nimepoteza dole gumba la kulia na kidole kinachofuata. Daktari anasema kiganja kitapona. Kushika fimbo ya kuchomelea, hilo hasemi.

Barua zako zote tatu nilizisoma Jumatano iliyopita. Ningeweza kukudanganya kwamba ungepiga simu ile Ijumaa isingesaidia. Ingesaidia. Nilikasirika siku tatu, nikachoka. Na mimi nilikuwa na mkono uliojua, nikauambia unyamaze kwa sababu nilitaka kujivunia wewe mbele za watu. Tugawane.

Leo ni sabini na tatu. Sijavuta kitu chochote, wala sigara wala mvuke.

Karakana kuna vifaa vingine vitatu kama kile. Mzee wa Miwani ameleta karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Waandikie. Ila safari hii uliza.

Kaka yako


Jumatano, 12 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama getini, na dereva amekubali kunisubiri. Sitakuomba radhi kwa karatasi. Shule ikifungwa nitakuja nikuombe nikiwa mbele yako.

Haya ni ya ukutani:

Bomba lisilo na kinga liacheni kabisa. Anayeshindwa kuacha mvuke atumie kifaa kinachojizima chenyewe kikizidiwa. Msinunue betri kwa sababu ya namba kubwa. Nunueni kwa muuzaji anayejua imetoka kiwanda gani na inatoa ampea ngapi mfululizo, na ampea hizo zizidi zile ambazo waya wenu unavuta. Msipojua waya unavuta ngapi, msibonyeze. Betri nyepesi kupita kiasi, iliyovimba, iliyochanika au iliyowahi kuanguka vibaya, msiitumie tena. Mfukoni iwe ndani ya kasha lake. Ichajini kwenye chaja yake, mkiwa macho. Na mkono ukisita, usikilizeni.

Leo asubuhi nilinyoosha mkono mzima. Niliuliza yote haya mbele ya darasa. Walicheka. Sikusikia vizuri sehemu ya ampea, nikauliza tena, wakacheka tena.

Mwalimu ameyasoma na kuweka sahihi yake hapo chini, ili usilazimike kuniamini mimi.

Mdogo wako