Mtamba Aliyefungwa Nguzoni

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, usidhani nimelainika.

Kaka amefika hapa Tabora na salamu zako. Anasema umelala kitandani, huli, na unataka nije nikuambie kwa mdomo wangu kwamba nimekusamehe.

Unakumbuka tulipohamia kijiji cha Ujamaa kule Igunga? Jioni nilifundisha akina mama kusoma, mchana nilichunga nawe. Ulinieleza mambo ya ng'ombe bila kuona haya. Dume humnusa jike, huinua pua juu na kukunja mdomo, kisha humfuata kutwa nzima akingoja. "Jike akiwa tayari atasimama mwenyewe, mwanangu," ulisema. "Anayekimbia, mwache." Nilikupenda sana siku zile.

Kisha akaletwa yule dume mkubwa wa serikali, aliyekuwa akipitishwa kijiji hadi kijiji. Kesho yake angeondoka, na wewe hukutaka kupitwa. Mtamba wetu mwekundu alikuwa hajakomaa, akakimbia. Ukamkamata, ukamfunga katikati ya nguzo mbili. Dume alipompanda, mtamba alivunjika kiuno. Ulimchinja mwenyewe huku unalia, mama akakufuta machozi kwa kanga yake.

Mwaka uleule ukapokea ng'ombe wa mahari wa yule mfanyabiashara wa Nzega. Nilikuambia simtaki. Nikakimbilia kwa shangazi, hapa mjini. Ukaja na lori la pamba, ukanipakia juu ya magunia kunipeleka kwake, majirani wakitazama, nawe unacheka nao.

Mtoto wangu wa kwanza aliponifia tumboni, ulikuja hospitali. Nilidhani umekuja kunipa pole. Kumbe ulikuja kumbembeleza mume wangu asidai ng'ombe wake. Nilikutazama usoni, Baba, nikitafuta yale machozi ya mtamba. Macho yako yalikuwa makavu kabisa.

Nakuchukia. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa, na sasa sijaribu tena.

Kaka anasema nisipokuja utakufa roho haijatulia. Basi na isitulie. Amekuja na gari, limesimama nje, anaapa haondoki bila mimi. Nampa barua hii arudi nayo peke yake. Akikuuliza kwa nini sikupanda gari lake, mwambie ulichonifundisha mwenyewe: anayekimbia, mwache.

Binti yako wa kwanza