Mkeka Usianikwe Tena

Maabara ya Vitu vya Kale,
Chumba Na. 14, ghorofa ya chini.
9 Juni

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Kile kifua cha asubuhi kinaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio unaolegalega.

Kazi ni ile ile: mbao, kamba na vikapu vilivyokaa ardhini miaka na mikaka. Naviweka kimoja kimoja chini ya mashine inayomulika mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga mwingine humezwa, mwingine hurudi, na mashine huchora mstari wenye vilima. Kwa vilima hivyo najua kitu kimechakaa wapi na kimechakazwa na nini. Mashine naiita Mama Mkwe, maana haitaki kuguswaguswa wala haijui kumfichia mtu aibu.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Jumapili iliyopita nilishtukia kwamba tangu Ijumaa sijasema na mtu, ila kumwamkia mlinzi wa getini, mzee tunayemwita Funguo. Dada, upweke unanitafuna. Napika chakula cha watu wawili, halafu nakula kiporo siku ya pili.

Barua yako ilifika, pamoja na kile kipande cha ukingo wa mkeka wa Mama nilichokuomba uliposema umeanza kukatika kwenye mikunjo. Nilicheka kusoma kwamba unaulea kuliko wanao: kila Jumamosi, miaka sita, unauanika juani kutwa, unaukung'uta, unaukunja, unaurudisha juu ya kabati. Nakumbuka nilivyokuambia kwenye simu siku ya mazishi ya Mama, niliposhindwa kuja: mkeka alionisukia Mama asiulalie mtu mpaka nifike. Nawe ukashika neno langu, ole wangu.

Nimekipima kipande mara tatu. Ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mmea, kilima chake karibu kimetoweka. Nikapima na kikapu kilichotolewa kwenye tope la ziwa, cha miaka elfu moja na ushee. Dada, kikapu kile ni kizima kuliko mkeka wa Mama. Hakikuona jua.

Wiki nzima nilizunguka na habari hii, nikuambie au ninyamaze. Mzee Funguo akaniona naingia kazini na soksi za rangi mbili, akauliza kulikoni. Nilipomweleza akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwandikie."

Basi ndiyo hiyo: ni jua la Jumamosi zako. Mama alituzoesha kuanika mikeka, kweli, ila yeye aliianika mara moja moja, tena kidogo tu, ikitoka kulaliwa. Usijilaumu hata chembe. Aliyekutuma ni mimi, na aliyekawia ni mimi. Likizo yangu wameisogeza tena, hadi mwisho wa mwaka ujao, na ukiendelea kuukunja na kuukunjua hautadumu mpaka nije.

Mtaalamu angekuambia uulaze gizani, usiguswe. Mtaalamu ndiye mimi, na nakuambia: utandike chumbani kwa Mama, mbali na dirisha, uulalie. Vitu visivyoguswa ninavyo vya kutosha huku. Ukiisha, uishe ukiwa na watu juu yake.

Nisalimie shemeji, Baba Mdogo na mguu wake, na wapwa zangu wote, hasa yule Kidomodomo. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema.

Ni mimi nikupendaye, ingawa sionekani,
Kitindamimba wenu

Nimesahau jambo: lalia upande wa ukutani. Wa mlangoni ni wangu tangu utotoni, mimi ndiye niliyekuwa naamka kwenda msalani. Huo niachie wazi.