Pazia la Mowlem

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi ni wazima, na shangazi yako amejifungua mvulana. Umeniuliza mbona mzee mzima kama mimi nashinda nikipanga vipande vya mbao na watoto.

Miaka ya tisini, mimi na nyanya yako tulikaa chumba kimoja mtaa wa Mowlem, mjini. Mama mkwe akaja kutoka Bungoma kumwona mtoto wetu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawaongei, basi yeye akakaa nyuma ya pazia, mimi mlangoni.

Jumapili moja nilijenga mnara wa vipande vya mbao vilivyobaki kazini. Watoto wa majirani wakawa wanachomoa cha chini, wanakiweka juu. Zamu yangu ilipofika, mnara ulikuwa ukiyumba. Nikagusa kipande.

"Si hicho, baba," sauti ya mama mkwe ikatoka kwenye upenyo wa pazia. "Cha kando."

Hakuwa amewahi kunisemesha. Nikachomoa cha kando. Mnara ukasimama, na nyuma ya pazia nikasikia mtu akishusha pumzi.

Hadi leo, nikigusa kipande, nanyamaza kwanza nimsikilize.

Babu yako,
Wafula